Mfalme Daudi Aleta Sanduku la Agano Yerusalemu

Toka Kiriat-Yearimu mpaka Yerusalemu ni kama kilometa 13 tu. Mtu mwenye afya akiondoka asubuhi atafika kabla ya jua la utosi. Lakini mfalme Daudi alipotaka kulileta Sanduku la Agano katika mji wake mpya, njia hiyo fupi ilikula miezi mitatu. Maandamano yalianza kwa vinubi na matari, yakakatwa na kifo, kisha yakaanza tena. Wengi wetu twakumbuka tu jinsi mfalme alivyocheza. Yanayobaki twayaruka, maana yanatusumbua. Leo tuyafuate toka mwanzo mpaka mwisho, kama tunavyoyasoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 6, na katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 13, ya 15 na ya 16.

Kwanza tujue ni kitu gani kilichobebwa. Sanduku lilikuwa la mti wa mshita, lenye urefu wa dhiraa 2 na nusu, na upana na kimo cha dhiraa 1 na nusu. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimeta 110 kwa 70, yaani halikupita ukubwa wa kasha la nguo. Lilifunikwa dhahabu ndani na nje, na juu ya kifuniko walikaa makerubi wawili wakitazamana. Ndani zilikuwamo mbao mbili za mawe zenye Amri. Kando yake zilikuwapo pete nne za dhahabu, na katika pete hizo miti miwili mirefu ya kulichukulia. Musa aliagizwa kwamba miti hiyo isitolewe kamwe, hata Sanduku likiwa limetulia mahali pake. Msomaji aishike vema habari hiyo ya miti miwili, maana tutairudia.

Hilo Sanduku lilikuwa limetekwa zamani, siku za kuhani Eli. Waisraeli waliposhindwa na Wafilisti walilipeleka vitani, kama mtu avaaye hirizi, wakidhani litawapigania. Wakashindwa mara ya pili, tena vibaya zaidi. Wana wawili wa Eli wakafa, nalo Sanduku likachukuliwa. Wafilisti walikaa nalo miezi 7, wakilihamisha toka Ashdodi mpaka Gati, toka Gati mpaka Ekroni, maana kila mji uliolipokea ulipigwa kwa ugonjwa. Mwishowe wakaliweka juu ya gari jipya, wakalifungia ng'ombe wawili wenye kunyonyesha, wakaliacha liende zake. Likafika Bet-Shemeshi, na toka huko watu wa Kiriat-Yearimu wakalichukua, wakaliweka katika nyumba ya Abinadabu kilimani. Pale likakaa miaka mingi. Katika siku zote za mfalme Sauli karibu hakuna aliyelitafuta.

Daudi alipata kuwa mfalme wa makabila yote karibu na mwaka 1000 kabla ya Kristu. Akauteka Yerusalemu, mji wa Wayebusi, ambao haukuwa wa kabila lake la Yuda wala wa makabila ya kaskazini. Wenye kujua siasa husema: mfalme huyu alikuwa mwerevu, alitaka mji usio na mwenyewe uwe mji wa wote, tena alitaka kitu kitakatifu cha kuwaunganisha watu. Hatuoni sababu ya kuwakatalia. Mtu aweza kuwa na akili ya utawala na kumpenda Mungu moyoni mwake siku ile ile. Maandiko yenyewe hayamfichi Daudi. Yatuonyesha mambo yake yote mawili.

Basi, akakusanya watu wateule 30,000. Aliwauliza majemadari na wakuu, nalo shauri likawapendeza wote. Wakaenda kilimani kwa Abinadabu, wakaliweka Sanduku juu ya gari jipya, nao Uza na Ahio, watu wa nyumba ile, wakaliongoza. Daudi na Israeli yote wakapiga vinubi, zeze, matari, kayamba na matoazi. Ilikuwa furaha ya kweli, si ya kujifanya. Walipofika kwenye kiwanja cha kupuria nafaka, ng'ombe wakajikwaa. Uza akanyosha mkono, akalishika Sanduku. Akafa palepale kando yake.

Vyombo vikanyamaza.

Katekista akiulizwa na watoto: «Mwalimu, Uza alikosa nini? Si alitaka kusaidia?» asikimbilie kujibu. Swali ni zuri, tena Daudi mwenyewe aliliuliza kabla yao. Maandiko yasema kwamba mfalme alikasirika kwa ajili ya kifo kile, halafu akaogopa. Hayamgombezi kwa hasira yake, wala hayamgombezi kwa hofu yake. Akapaita mahali pale kwa jina la Uza, ili mtu yule asisahauliwe, akakataa kulipeleka Sanduku nyumbani kwake. Watu 30,000 wakarudi makwao kimya, bila kuona walilokuja kuliona.

Jibu lilikuja baadaye, naye Daudi ndiye aliyelisema mbele ya Walawi: mara ya kwanza ninyi hamkuwapo, nasi hatukufuata agizo. Agizo gani? Tufungue Kitabu cha Hesabu, sura ya 7. Wakuu wa Israeli walimpa Musa magari 6 na ng'ombe 12 kwa kazi ya hema takatifu. Musa akawagawia Walawi. Ukoo wa Gershoni ukapata magari 2 na ng'ombe 4. Ukoo wa Merari, wenye kuchukua mbao na nguzo, ukapata magari 4 na ng'ombe 8. Ukoo wa Kohati haukupata hata gari moja. Kwa nini? Kwa sababu wao walichukua vitu vitakatifu kabisa, navyo vilipaswa kuchukuliwa mabegani. Ndiyo kazi ya ile miti miwili. Tena wachukuzi wenyewe walikatazwa kulishika Sanduku kwa mkono, wasije wakafa.

Sasa tuulize: mashauri ya gari yalitoka wapi? Yalitoka kwa Wafilisti. Wao walikuwa na haki ya kutojua, maana hawakupewa Sheria, wala hawakuwa na Walawi. Israeli ilikuwa na Sheria na ilikuwa na Walawi, lakini ikaona gari jipya na ng'ombe wenye nguvu kuwa njia nyepesi. Kazi ya kuchukua wakamwachia mnyama, wao wakajichukulia kazi ya kuimba. Uza, mtu wa nyumba ile iliyokaa na Sanduku miaka mingi, huenda alilizoea hata akasahau ni kitu gani. Hatusemi kwamba maneno haya yanamaliza ugumu wa habari yenyewe. Kifo cha Uza ni kigumu, na kitabaki kigumu. Lakini jambo moja ni wazi: hakuna mstari unaoilaumu furaha. Vinubi na matari havikukatazwa baada ya siku ile. Kilichobadilishwa ni gari.

Katika miezi mitatu ile Sanduku lilikaa katika nyumba ya Obed-Edomu Mgiti. Jina hilo la Mgiti lawashangaza wengi. Gati ulikuwa mji wa Wafilisti, mji wa Goliati. Wengine wanadhani alitoka Gat-Rimoni, mji wa Walawi, na kweli Mambo ya Nyakati yamtaja Obed-Edomu kati ya mabawabu Walawi. Yawezekana. Hata hivyo, msomaji wa Kitabu cha Samweli aonaye jina hilo kwa mara ya kwanza adhani ni mgeni, jirani aliyeombwa kupokea kitu kilichowatisha wenyeji wote. Alikipokea. Mungu akaibariki nyumba yake na vyote alivyokuwa navyo. Daudi alipopata habari hiyo, moyo wake ukarudi.

Mara ya pili mambo yalitengenezwa kwa utaratibu. Makuhani Sadoki na Abiatari wakaitwa, na Walawi kwa koo zao: watu 120 wa Kohati, 220 wa Merari, 130 wa Gershoni, 200 wa Elisafani, 80 wa Hebroni na 112 wa Uzieli. Ukijumlisha wapata watu 862. Wakajitakasa, kisha Sanduku likaenda kwa ile miti mabegani mwa Walawi.

Sisi watu wa milimani twaijua kazi hiyo. Mgonjwa wa kijiji cha mbali, ambako hakuna barabara ya gari, huchukuliwa kwa kipoyi mpaka hospitali. Wenye kushika miti hawaendi kila mmoja kwa mwendo wake. Mrefu hukunja magoti kidogo, mfupi huinua bega. Mmoja akiteleza, wote wanasikia. Tena wanaimba, maana wimbo ndio unaolinganisha miguu. Mtu aliyewahi kuweka bega lake chini ya kipoyi ataielewa sura ya 15 ya Mambo ya Nyakati upesi kuliko mwenye kuisoma mezani.

Hapo pana neno ambalo wafasiri wanaligombania mpaka leo. Mlawi Kenania alikuwa mkuu wa jambo linaloitwa kwa Kiebrania massa. Neno hilo ni kuinua. Kuinua nini? Wengine wamefasiri: kuinua sauti, yaani Kenania alikuwa mwalimu wa waimbaji. Wengine: kuinua mzigo, yaani alikuwa msimamizi wa wachukuzi. Sisi hatuna elimu ya kuwaamua. Lakini twapenda kwamba siku ile neno moja lilitosha kwa kazi mbili.

Wachukuzi walipokwisha kupiga hatua 6, Daudi akatoa sadaka ya ng'ombe dume na ndama aliyenona. Hatua 6 tu! Baada ya yale yaliyompata Uza, tunaona hofu yao: kwanza hatua chache, kusimama, kutazama kama wote wangali hai, kumshukuru Mungu, ndipo kuendelea. Wengine wamesoma kwamba alitoa sadaka kila hatua 6 mpaka Yerusalemu. Kama ni hivyo, hata nyumba ya Obed-Edomu ikiwa karibu sana, ng'ombe wangalikwisha nchini. Twadhani ilikuwa mara moja pale mwanzo.

Kisha furaha ikafunguka. Tarumbeta zilipigwa na makuhani 7. Asafu, Hemani na Etani wakapiga matoazi ya shaba. Watu wakapaza sauti, na baragumu zikalia. Daudi akacheza mbele ya Bwana kwa nguvu zake zote. Neno la Kiebrania lililotumiwa lina maana ya kuzungukazunguka, kama afanyavyo mchezaji aliyeshikwa na ngoma. Alivaa efodi ya kitani. Hilo lilikuwa vazi la wenye kutumika mahali patakatifu. Mtoto Samweli alivaa namna hiyo alipokuwa akifunga na kufungua milango ya nyumba ya Bwana. Mambo ya Nyakati yaongeza kwamba alivaa joho la kitani safi, sawa na Walawi wachukuzi na waimbaji. Mtu aliyesimama kando ya njia na kumtafuta mfalme kwa mavazi yake asingalimpata upesi.

Mmoja alimpata. Mikali, binti Sauli, mke wa Daudi, alitazama kwa dirisha, akamwona akirukaruka, akamdharau moyoni mwake.

Mahubiri mengi humtaja Mikali ili kumlaumu tu: mwanamke mwenye kiburi, hakutaka kumfurahia Mungu. Tusiende mbio. Maandiko yalisema mapema, tena mara mbili, kwamba Mikali alimpenda Daudi. Sauli alipotuma watu wamwue, ni Mikali aliyemtelemsha Daudi kwa dirisha usiku, akaweka sanamu kitandani ili kuwadanganya wauaji. Kwa kazi hiyo alijihatarisha mbele ya baba yake. Daudi akakimbia. Miaka ikapita, Sauli akamtoa Mikali awe mke wa Paltieli. Daudi akaoa wanawake wengine. Halafu vita ya Gilboa ikamuua Sauli na Yonatani, baba na kaka yake. Ndipo Daudi, katika mapatano ya ufalme, akadai arudishiwe Mikali. Akaondolewa kwa Paltieli, naye mume huyo akamfuata njiani akilia mpaka Bahurimu, ambapo jemadari Abneri alimwamuru arudi. Kama Mikali alilia au hakulia, hatukuambiwa. Hakuna aliyemwuliza.

Basi yuko tena dirishani. Dirisha la kwanza alimwokoa mume wake. Dirisha la pili anamtazama akifurahi na mji mzima. Furaha ya mji ule ilikuwa pia mwisho wa nyumba ya baba yake. Katika sura hiyo haitwi hata mara moja mke wa Daudi. Aitwa binti Sauli, mara tatu. Dharau yake ni mbaya, hatuifichi. Lakini katika kila maandamano makubwa yuko mtu dirishani, na si kila mara ni kwa kiburi. Mara nyingine ni mjane wa juzi. Mara nyingine ni yule aliyeondolewa katika kundi la waimbaji bila kuelezwa sababu.

Chini, Sanduku likawekwa katika hema ambayo Daudi aliitengeneza. Sadaka zikatolewa, mfalme akawabariki watu. Kisha akawagawia wote, wanaume kwa wanawake, kila mtu mkate mmoja, fungu la nyama na andazi la zabibu. Jambo hili twalisoma haraka, nasi twakosa. Mfalme wa nyakati zile aliwakusanyia watu kodi. Siku hiyo aliwagawia chakula. Tena aliyekuwa na jina kubwa na asiye na jina walipata sawa. Mtumwa wa kike hakupewa nusu.

Jioni Daudi akarudi kuibariki nyumba yake, naye Mikali akatoka kumlaki kwa maneno ya uchungu: mfalme amejivua mbele ya vijakazi kama mtu wa bure. Daudi akamjibu mambo mawili. Kwanza alimkumbusha kwamba Mungu amemchagua yeye badala ya baba yake Mikali na nyumba yote ya baba yake. Pili alisema kwamba atajishusha zaidi ya hapo, na wale vijakazi aliowataja ndio watakaomheshimu. Neno la pili ni la mtu aliyecheza mbele ya Mungu. Neno la kwanza, kwa maoni yetu, ni la mume aliyekasirika, ambaye alijua mahali pa kuchoma. Habari yaishia hapo, kwa kusema kwamba Mikali hakupata mtoto mpaka kufa kwake. Kama ni adhabu ya Mungu au ni Daudi aliyeacha kuingia kwake, mwandishi hakusema, nasi tusimsemee.

Kwetu Kongo sura hii imesomwa sana kwa ajili ya ngoma. Wazee wengi walijifunza toka utoto kwamba ngoma ibaki nje ya mlango wa kanisa. Mtaguso Mkuu wa Vatikano, mwaka 1963, ukaagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ikakubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku hizo, na katika Misa hiyo padri na watumishi wake huzunguka altare kwa mwendo wa kucheza wakati wa Utukufu. Baba Mtakatifu Fransisko aliisoma Misa ya namna hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, tarehe 1 Desemba 2019, na tena Kinshasa mwezi wa Februari 2023, mbele ya watu wengi mno katika uwanja wa ndege wa Ndolo. Kwa hiyo shauri la kucheza au kutocheza limekwisha kuamuliwa na wenye amri.

Hata hivyo ugomvi haukwishi katika paroki. Wapenda ngoma wanamtaja Daudi, wanaoogopa makelele wanamtaja Uza, na kila upande unaisoma nusu ya sura. Uza hakufa kwa sababu ya ngoma, wala Daudi hakusifiwa kwa ajili ya miguu myepesi. Tumeona Sikukuu ya Sakramenti Takatifu ambayo kwaya zote zilikuwa zimekwisha kushona kitenge kipya kwa miezi miwili, na asubuhi yenyewe watu wanne wa kushika miti ya hema juu ya Ekaristi walikuwa hawajapatikana. Wakakamatwa vijana wanne mlangoni, warefu kwa wafupi, na hema likaenda upande njia nzima. Nyimbo zilikuwa nzuri sana siku hiyo. Mzee mmoja akatuambia akicheka: «Afadhali hatukupata ng'ombe.»

Sanduku lenyewe baadaye liliingizwa na Solomoni katika Hekalu. Tangu Wababeli walipoliteketeza Hekalu, mwaka 587 kabla ya Kristu, hakuna aliyeliona. Kilima cha Kiriat-Yearimu kingali kipo, karibu na kijiji cha Abu Ghosh. Juu yake limesimama kanisa la masista, lililojengwa mwaka 1924 mahali pa magofu ya kanisa la kale, nalo linaitwa kwa jina la Bikira Maria Sanduku la Agano. Mwaka 2017 wataalamu wa Israeli na Ufaransa walianza kuchimba pale, wakakuta kuta nene za mawe za nyakati za wafalme.

Jina hilo la Maria twalitaja kila tusalipo Litania yake, na waliotangulia walilipata kwa kuzisoma habari mbili pamoja. Maria naye alishika njia ya milima ya Yuda, akimchukua Bwana. Elizabeti alishangaa, kama Daudi alivyoshangaa, kwamba amejiliwa na mgeni mkubwa namna ile. Maria alikaa katika nyumba hiyo kama miezi mitatu, sawa na Sanduku katika nyumba ya Obed-Edomu. Tarumbeta hazikuwapo, wala watu 30,000. Walikuwapo wanawake wawili mlangoni, na mtoto aliyeruka tumboni mwa mama yake.